Waliokuwa Wakikungoja Uani

Karatu, Jumatano jioni

Raheli mwanangu,

Umekwenda Kansay kumuaga bibi yako, na najua atakuchelewesha makusudi akitumaini basi litakuacha. Nimeona niandike kabla hujarudi. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Isome leo leo, usiseme utaisomea njiani, maana kuna jambo ndani yake linalotakiwa kufanyika hapa nyumbani alfajiri, kabla ya basi.

Habari za sweta, za kuchemsha maji na za kutoazima nguo za watu sitaziandika. Umekaa bweni miaka mingi na ulirudi na meno yako yote. Naandika kwa sababu kila nikianza kukuambia jambo hili kwa mdomo unanikatiza. Unasema, "Mama, usiwatetee," kisha unatoka nje. Sasa toka nje na karatasi mkononi, tuone.

Wewe na mimi tunajuana. Mimi ni mtu wa shaka. Marehemu baba yako alikuwa akinitania kwamba kuku akitaga mayai mawili nitauliza la pili limetoka wapi. Sikatai. Muuza mafuta ya taa akinijazia kibaba vizuri nafikiri ametia maji. Kwa hiyo utakaponiona humu nasema neno jema juu ya mtu, ujue limenitoka kwa shida.

Nianze na shangazi yako Hana. Alipokuja mwaka huu, baada ya mpaka wa Namanga kufunguliwa, nilimkagua kuanzia viatu. Alilia kwenye kaburi la kaka yake, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo namkubalia. Halafu ulipokwenda kuchota maji alinisogelea akaniambia kwamba Nairobi utapokewa vizuri, utakaa kwake, utasoma, ila kwa upande wa dini itabidi uanze mwanzo, ukubaliwe na wazee wao, kwa sababu kwao mtoto hufuata mama.

Nikamwambia, "Mama yake ndiye mimi."

Akasema, "Ndiyo. Hapo ndipo penye tatizo." Akaendelea kunywa chai yangu.

Sikumkasirikia sana. Alisema usoni, na mtu anayesema usoni ananipunguzia kazi. Lakini nimelitafakari. Hapa Karatu tangu uzaliwe wewe ni mtoto wa Myahudi. Hakuna aliyejali kwamba nilikuzaa mimi, binti wa Kansay, Mwiraqw na Mlutheri, na kwamba jina lako liko kwa Walutheri kama lilivyo kwa Wayahudi. Kesho kutwa, kwa Wayahudi wenyewe, utakuwa mtoto wa Mwiraqw. Kila upande unakuelekeza kwa mwenzake.

Ukitaka kuingia kwao sawasawa, ingia. Hilo ni lako na Mungu, sitalisimamia mlangoni. Kinachoniumiza ni sababu unayoitoa. Unasema unakwenda kwa watu wako kwa sababu hawa wa huku walimtupa baba yako. Nimekusikia ukimwambia hivyo shangazi, na nimemwona akitikisa kichwa kwa huruma. Naogopa, Raheli. Naogopa uondoke ukiamini hivyo, kwa sababu ukiamini hivyo hutarudi, na mimi nitabaki mama wa mtu anayetuma salamu za Krismasi.

Sasa nisikilize habari ya mwaka wa sabini na tatu. Ulikuwa mdogo. Unakumbuka mashine ya kusaga iko kimya, mlango umefungwa, baba yako ameketi chini, na hakuna mtu aliyekuja. Kumbukumbu yako ni sahihi. Maana yake ndiyo huijui.

Baba yako aliletwa huku mtoto, wazazi wake wakiwakimbia Wajerumani waliokuwa wakiwaua Wayahudi. Wakafika Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, na majirani wakawa nani? Wajerumani. Vita vilipoanza Waingereza wakamkamata babu yako, kwa kuwa pasi yake ilikuwa ya Ujerumani, wakamfungia kambini pamoja na watu wale wale aliowakimbia. Mtu aliyekua na habari hiyo hahitaji mimi kumfundisha shaka. Baadaye kaka wa baba yako akahamia Israeli kulima, Hana akaolewa Nairobi, na yeye akabaki. Tulipopata Uhuru akachukua uraia, akanunua mashine, na watu wakamwita Bwana Mashine, akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kisha vikaja vile vita vya kule kwao, na serikali yetu ikavunja uhusiano na Israeli. Uwanjani palifanyika mkutano tukaelezwa. Waliosema walisema pia habari za watu waliofukuzwa makwao wakalala kwenye mahema, na baba yako, aliyesimama nyuma kabisa, akaniambia tukirudi, "Hilo ni kweli. Kufukuzwa nakujua." Lakini kwenye foleni ya mashine wanawake walianza kuniuliza Bwana Mashine yuko upande gani. Nikawa nawajibu yuko upande wa mahindi. Wakicheka nilijua wameridhika, wasipocheka nilikariri sura zao.

Wiki ile ile ikaja telegramu. Kaka yake ameuawa vitani. Karani wa posta alikuwa na mdomo mwepesi, kwa hiyo mji mzima ulijua kabla yetu kwamba ndugu wa Bwana Mashine alikuwa askari wa upande ule.

Baba yako akachana shati lake kifuani. Akafunika kioo kwa khanga yangu. Akafunga mashine, akaketi sakafuni juu ya gunia, akaniambia hatafanya kazi siku saba, ndiyo desturi yao. Sikuuliza zaidi. Mimi nimekulia Kansay, nilijua ninachokiona. Nyumba iliyoguswa na kifo kwetu huingia metimani. Wenye nyumba hujitenga, na watu hawaingii kwao, hawaombi moto wala chumvi, mpaka unajisi wa kifo uishe. Hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili huizunguka nyumba hiyo kwa mbali. Nikafikiri, kumbe na Wayahudi wanayo. Nikajisikia karibu naye kuliko siku zote. Kusema kweli nilijisifu moyoni kwamba nimemwelewa mume wangu bila kuuliza, mimi ambaye huuliza kila kitu.

Mzee Bura, balozi wetu wa nyumba kumi, akaja langoni kuuliza kwa nini mashine imefungwa. Huko kwenye chama walikuwa wameanza kusema tumegoma. Nikamwambia, "Mzee, tuko metimani." Akarudi nyuma hatua pale pale, kama Mwiraqw yeyote. Akaenda akawaambia wote. Kuanzia hapo hapakutokea mtu. Nilikuwa nasikia watu wakifika kwenye njia ya kwetu, wakinyamaza, wakizunguka.

Jioni moja baba yako akaniuliza, "Leo pia hakuna aliyekuja?"

Nikamjibu, "Hakuna. Wanakuheshimu."

Akanitazama muda mrefu. Nilidhani ni huzuni.

Zilipokwisha zile siku akafungua mashine, akasaga kama kawaida, lakini hakutania tena na wateja. Baada ya muda mfupi wakaja watu wawili na Landrover, hatukuambiwa wa ofisi gani, wakaichukua ile redio kubwa ambayo baba yako alisikilizia habari za kule. Iliporudi haikuwa na betri. Wewe ulisikia tukinong'ona jina la Bura, na tangu siku hiyo hujawahi kumpa shikamoo.

Miaka mitatu baadaye shangazi yako alikuja kututembelea, ndipo akaniuliza, tukiwa tunachambua maharage, ni watu gani waliokuja kukaa na kaka yake wakati wa matanga yale. Nikasema hakuna, tulilinda mila yenu vizuri. Akaacha maharage. Akanieleza kwamba kwao ni kinyume kabisa. Mfiwa anaketi chini na mlango unaachwa wazi, majirani wanaingia bila kubisha, wanaleta chakula, wanaketi naye, asiachwe peke yake hata kidogo.

Unaona nilichokifanya. Wao walikaa mbali kwa heshima. Yeye alikaa ndani akihesabu nyayo zinazogeuka, akiamini kwamba wamemtenga kwa sababu ya vita na kwa sababu ya damu yake. Na katikati nilisimama mimi na ufunguo, nikijisifu.

Nilimwambia usiku ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema, "Unanifariji tu." Nikaapa. Akasema, "Basi, nimekuamini," kwa ile sauti aliyokuwa akitumia kumwambia mteja kwamba unga haukupungua. Hakuniamini, Raheli. Miaka mitatu ilikuwa imepita akisagia watu aliodhani wamemkana. Alichoka kuwachunguza. Hiyo ndiyo hasara ya shaka, na nakuambia mimi mwenye shaka zaidi kuliko wote hapa wilayani: inasaidia inapokuwa bado inauliza, ila ikishapata jibu linalouma inaacha kuuliza.

Alipokufa sikutaka kurudia kosa. Wewe ulikuwa shuleni mbali, petroli haipatikani, mabasi yamelala njiani, na shangazi yako yuko ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Hapakuwa na Myahudi mwingine ninayemjua kuanzia hapa hadi Arusha. Tulimzika kando ya mashine, haraka, kwenye sanduku la mbao tupu kama alivyoagiza. Kisha nikafungua mlango wa mbele nikauegemeza jiwe, nikatoka langoni, nikawaambia waliosimama kwa mbali: kwa kabila la mume wangu, watu huingia.

Wengi waliangalia chini. Wale wazee walikuwa na hofu ya kweli, si ya kujifanya. Kuingia nyumba yenye kifo kibichi ni kupeleka madhara kwa watoto wako na mifugo yako. Mzee Juma wa duka aliingia kwanza, lakini yeye ni Mrangi na Mwislamu, hiyo hofu haimhusu, aliingia na sukari akaketi. Bura alibaki kwenye ugo. Akaniuliza, "Mama Raheli, una hakika?"

Nikamwambia sina hakika na kitu chochote, ila ndivyo dada yake alivyonieleza.

Akavua kofia akaingia. Mwezi uliofuata ng'ombe wake alitupa mimba, na mkewe alijua sababu, na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Akaketi sakafuni bila kuambiwa. Akauliza nini kingine hufanyika. Nikamwambia kuna maneno ya sala ya wafiwa husemwa, lakini mpaka wawepo wanaume kumi. Akasema, "Kumi?"

"Kumi."

"Kumi ninao," akasema. "Kumi ndiyo kazi yangu."

Akatoka. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi na mwanamume mmoja kutoka kila nyumba, wengine wakiwa wamekunja uso kama watu waliokamatwa kwenda kulima barabara. Yule kijana wa fundi viatu aliwakilisha baba yake mgonjwa. Wakakaa uani. Mzee Juma akauliza, "Haya, tuseme nini?"

Nikalazimika kuwaambia kwamba mimi siyajui hayo maneno. Baba yako alikufundisha wewe, jioni zile za Ijumaa, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, na mimi nilikuwa jikoni nikidhani mnaimba. Nikawaambia, mwenye maneno yuko njiani.

Bura akasema, "Tutamngoja."

Wakakaa mpaka giza likaingia, wakaenda kwao. Kesho yake jioni wakarudi. Na kesho yake tena. Waliongea habari za mvua na za mtu aliyeuza ndama mgonjwa, wakaangalia njia ya kwenda barabarani.

Ukafika na lori la mkaa, umejaa vumbi, miguu imevimba. Ukawakuta uani, Bura mbele yao. Unakumbuka ulichosema. Ulisema kwa sauti, wote wakasikia: "Wamekuja kuhakikisha amekufa." Ukapita ukaenda kwenye kaburi peke yako, na ulipotoka huko ukafunga mlango.

Walisimama mmoja mmoja wakaondoka. Sikuwazuia, na wewe sikukueleza. Nitakuambia kwa nini, hata kama ni aibu. Nilipokusikia, sehemu ya moyo wangu ilikubaliana nawe. Nilikuwa nimemwangalia Bura siku zote zile nikijiuliza amekuja kulia au amekuja kukagua. Alipoinua macho kwenye dari nilifikiri anatafuta waya wa redio. Baadaye, kila nilipotaka kukusimulia, ile shaka ilinishika ulimi, na wewe ukasema usiwatetee, na mimi nikapata kisingizio cha kunyamaza.

Jumapili iliyopita nilichoka nayo. Bura alipita hapa kuuliza kama ni kweli unaondoka. Nikamwekea kigoda, nikamuuliza bila kuzunguka: ile redio, ni nani alisema?

Akajibu, "Ni mimi."

Akaendelea, "Waliuliza nani ana redio kubwa kwenye nyumba zangu na za jirani. Nikasema. Hata ya padri niliisema."

"Ya padri walichukua?"

"Ya padri hawakuchukua."

"Na hukujua kwamba hawataichukua?"

Akaangalia kofia yake. "Nilijua," akasema.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, mwanangu. Miaka yote hii ulikuwa sahihi juu ya Bura, na sitakuomba ujifanye hukuwa. Alimsema baba yako, akijua ni yupi atakayeumia. Na ni yeye huyo huyo aliyevuka ugo na hofu yake yote, akaketi sakafuni, akakungoja. Nimejaribu kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili nikitupe na nimeshindwa. Ukiweza wewe uliyesoma, niandikie.

Nilipomweleza shangazi yako habari ya wale watu kumi, machozi yalimlengalenga. Akasema, "Ni wema mkubwa. Ila hawahesabiki." Lazima wawe Wayahudi, na hata wewe, mtoto wa kike tena wa mama mgeni, kwa taratibu zao hayo maneno hayakuhusu. Huenda ndivyo ilivyo. Wana sheria zao na walizibeba kwenye majanga mengi mpaka hapa walipo, sitazidharau. Ukifika kule jifunze kwa adabu. Watakuuliza nchi yako iko na nani kwenye ugomvi wao. Usiisemee serikali yetu wala usiisemee ya kwao, na asikubane mtu umtukane mwingine ili upate kiti. Wakikuuliza mama yako ni nani, sema kwa sauti ile ile unayosemea jina la baba yako. Nitajua kama umeishusha. Usiulize nitajuaje.

Sasa lile jambo la alfajiri. Bura kabla hajaondoka aliniomba kitu. Alisema wenzake wamemtuma, kwamba walikaa uani jioni tatu na hawakusikia walichokuja kusikia, na sasa mwenye maneno anaondoka nayo. Wanaomba uyaseme kabla hujapanda basi. Nikamuuliza yeye atapata faida gani. Akasema hakuna. Jibu hilo limenikosesha raha tangu Jumapili, maana sijawahi kumwona Bura akitembea bure, lakini nimelichunguza kila upande na sijaona kitu nyuma yake.

Watakuwa kaburini kabla hakujapambazuka vizuri. Hulazimiki. Ukipita moja kwa moja kwenda barabarani nitakubebea sanduku na sitakulaumu. Ukienda, mwamkie Bura au usimwamkie, hilo ni lako, ila sema maneno ya baba yako mpaka mwisho, polepole, wayasikie. Yule fundi viatu alikufa, na kijana wake naye amehamia Babati, kwa hiyo watakuwa tisa. Nafasi iliyobaki nitasimama mimi, na atakayesema sihesabiki aje aniambie mwenyewe.

Mama yako